Mdogo Wangu, Sura Saba Ziache

Mdogo wangu Minza,

Leo ni siku ya kumi na moja tangu ufunge mlango wa nyumba yako ya Bugarika, hapa Mwanza, na kumwachia jirani ufunguo. Simu zangu hupokei. Ujumbe wangu unaufungua, naona alama, lakini hujibu. Nimekwenda polisi. Wakaniuliza kama uliaga, nikasema uliaga, wakasema mtu mzima aliyeaga hajapotea. Kwa maelezo niliyowapa, hawakukosea.

Limebaki hili. Safu yangu ya Jumapili huikosi, hata kama ni kwa ajili ya kunitumia makosa yangu ya nukta na mkato. Kwa hiyo nakuandikia hapa, mbele ya watu. Jina la shule yako, la hospitali na la kitabu nimeyaacha. Najua utakasirika. Kasirika ukiwa hospitalini.

Acha nieleze kwa mpangilio, maana wasomaji hawakujui.

Wewe ni mwalimu wa Kiswahili. Ulianza kusoma vitabu kwa sauti kwa sababu ya uhaba: nakala tatu za kitabu cha fasihi kwa darasa zima la kidato cha tatu. Ukaamua kuwasomea, Ijumaa, kipindi cha mwisho. Wanafunzi ambao kengele ya mwisho huwakuta wameshika mabegi wakawa wanabaki wamekaa. Mwalimu mwenzako akakurekodi kwa simu akiwa amesimama dirishani, akaituma kwenye kundi la walimu, na kutoka kundi hadi kundi ikafika Dar es Salaam kwa mhariri mmoja anayetengeneza vitabu vya kusikiliza. Alipokupigia, ulinipigia mimi.

"Kaka, kuna mtu Dar anataka nimsomee kitabu kizima. Ni tapeli?"

"Akikuomba hela ya usajili, ni tapeli."

Hakuomba. Nikakuletea maiki yangu ya zamani ya redioni, nikakuonyesha jinsi ya kukaa: shibiri moja kati ya mdomo na maiki, maji pembeni, karatasi zisigeuzwe ukiwa unasoma. Nikakufundisha na kofi. Msomaji akikosea hupiga kofi moja, hunyamaza, kisha hurudia sentensi. Kofi linaonekana kwenye kompyuta ya mhariri kama mwiba, naye anajua pa kukata. Wiki ya kwanza ulipiga makofi mengi mpaka jirani yako akauliza getini, "Mwalimu, siku hizi umeokoka?"

Bugarika haikufaa. Pikipiki zinapanda kilima, kunguru wanagombana juu ya bati, spika za makanisa mawili zinajibizana. Ukawa unakwenda Misungwi kwa mama kila Jumamosi, na huko ndiko ulikogundua chumba cha pamba. Nilikuwepo. Ulikuwa msimu wa mavuno, na mama alikuwa amekijaza chumba cha nyuma hadi usawa wa dirisha akisubiri siku ya mizani. Uliingia kutafuta ungo, hukutoka.

"Kaka, ingia. Funga mlango. Unasikia?"

"Sisikii kitu."

"Ndiyo hivyo."

Ukasomea humo, umekaa juu ya gunia, taa kichwani. Siku uliposoma maneno ya mzee mmoja kwenye kitabu kwa sauti nzito, mama alisimama nje ya mlango na mwiko mkononi.

"Minza, una mgeni humo?"

"Hapana, mama. Ni mimi."

"Basi mwambie huyo mimi wako atoke, ugali unapoa."

Ukamaliza kitabu cha kwanza, cha pili, cha tatu. Siku moja ulinisimulia ya sokoni Kirumba. Ulikuta mwanamke anaanua dagaa, simu yake ameitumbukiza ndani ya ndoo tupu ili sauti ivume, na sauti ilikuwa yako. Ukasimama mbele yake kusikiliza. Akakwambia, "Dada, sogea, unanizibia." Ukasogea. Hukumwambia. Ulipokuwa unanisimulia ulicheka mpaka ukakohoa, na nakumbuka nilingoja umalize kukohoa ndipo nikaendelea kula. Sikuwaza lolote. Nalitaja hapa kwa sababu ni mara ya kwanza ninayoweza kuithibitisha.

Kisha vikaja viraka. Mhariri akikuta neno lililomezwa, au jogoo kapita katikati ya sentensi, hukurudishia sentensi hiyo uisome upya, naye huishona pale ilipotoka. Kiraka cha sura ya tano ya kitabu hiki cha sasa kilikufikia miezi miwili baada ya sura yenyewe. Ukasoma, ukatuma. Akajibu: "Mwalimu, kiraka hakikai. Kama nguo nyingine kabisa." Ukasoma tena. Hakikukaa. Mara ya tatu uliniita, nikaja na masikio yangu ya miaka mingi ya redio, nikasikiliza sentensi ya zamani, nikasikiliza ya sasa, nikatoa hukumu.

"Ni maiki. Imechoka."

Tukatafuta maiki nyingine. Hakikukaa. Nikasema ni vumbi la pamba. Tukakuhamishia kwenye kabati lako la nguo, katikati ya vitenge. Hakikukaa. Mkuu wako wa shule akasema ni chaki. Mama akasema ni upepo wa ziwa, akakuchemshia tangawizi. Wewe mwenyewe ukasema ni kidato cha nne, kwamba wanaokwenda mtihani lazima wamfokeshe mtu. Kila mmoja alikuwa na mshtakiwa wake. Koo lenyewe hakuna aliyelifungulia jalada. Kwa mwalimu sauti kukwaruza ni jambo la kawaida. Anayeshangaa ni mgeni wa kazi hiyo.

Hali hiyo ilidumu miezi mitano. Nimeihesabu kwenye shajara yangu.

Katika miezi hiyo nilisikiliza kila sura yako iliyotoka, nikitembea kando ya ziwa asubuhi kwenda kazini. Zilikuwa nzuri. Sauti ilikuwa imeshuka kidogo, nikadhani umeanza kuimudu kazi. Kisha mhariri akanipigia mimi, si wewe.

"Kaka, shikamoo. Kuna kitu nataka ukisikie. Si kitabu."

Akanieleza kwamba vipande anavyokata havitupi. Ana jalada kwenye kompyuta, ameliita takataka, na humo hukaa makosa, makofi, pumzi na kelele, asije akakata neno kwa bahati mbaya. Alikuwa amechukua takataka za sura moja tu, akaziunganisha. Sura yenyewe ilikuwa ya dakika thelathini na nane. Takataka zake zilikuwa dakika kumi na mbili.

Nilizisikiliza ofisini, mlango umefungwa. Hakuna neno la kitabu humo. Unakohoa. Unasafisha koo, unajaribu silabi moja, unasafisha tena. Unameza mate, na kumeza kunachukua muda ambao kumeza hakupaswi kuchukua. Mahali fulani unasema "Mungu wangu," taratibu, kama mtu aliyeangusha kijiko, kisha unaendelea kusafisha koo. Dakika kumi na mbili. Ndipo nilipoelewa kwamba sisi sote, mimi, mama, yule mwanamke wa dagaa, tulikuwa tunamsikiliza mtu aliyepigwa pasi. Mgonjwa alikuwa kwenye takataka.

Kesho yake nilikuwa getini kwako kabla hujatoka.

"Nina vipindi," ulisema.

"Vitafundishwa na mwingine."

"Kaka, usinifanye habari."

Sikukufanya habari. Nilikupeleka hospitali. Daktari akapitisha mrija mwembamba wenye kamera puani, akatazama kioo chake muda mrefu kuliko nilivyopenda, akachukua kinyama cha kupima. Majibu yalipotoka alituchorea kwenye karatasi. Ni saratani. Uvimbe uko kwenye utepe mmoja wa sauti, haujavuka kwenda wa pili, na huko kutovuka ndiko kulikokuwa habari njema pekee kwenye karatasi ile. Alisema wakianza mionzi mapema, sauti ina nafasi nzuri ya kubaki. Ukivuka, wataanza kuzungumzia kuondoa kisanduku cha sauti chote, na hapo swali litakuwa uhai, si sauti.

Uliuliza swali moja.

"Nikiwa kwenye matibabu nitaweza kusoma?"

"Kwa macho, Mwalimu, hata kutwa nzima."

Ukasema, "Sawa, daktari," kama unavyomwambia mkaguzi wa elimu. Mimi ninayeishi kwa kuuliza sikuuliza kwa nini umetaka kujua hilo tu. Tarehe ya kuanza uliyopewa ni kesho, Jumatatu.

Siku mbili baada ya majibu ukanitumia ujumbe: "Kaka, zimebaki sura saba. Nikizimaliza nitakuja mwenyewe. Mama asijue." Nikaja mbio Bugarika. Jirani akanionyesha ufunguo.

Hesabu yako nimeielewa. Unaona sauti inaweza kuondoka, basi iondoke kitabu kikiwa kimekwisha. Ingekuwa sauti na siku ni vitu viwili tofauti, ningekuachia. Lakini unalipia sura kwa siku, na siku hizo ndizo daktari alizotaka kuziokolea sauti.

Sura ya kwanza kati ya zile saba ilimfikia mhariri siku ya nne. Kwenye takataka zake kulikuwa na honi ya kivuko. Nikavuka ziwa kwenda Sengerema. Niliuliza nyumba za wageni moja baada ya nyingine, na kwenye ya tatu msichana wa mapokezi aliniangalia vizuri kabla ya kujibu.

"Yule mama anayenong'ona?"

"Ananong'ona?"

"Kutwa yuko ndani ananong'ona peke yake. Sisi tulijua ni mtu wa maombi. Dirisha kaliziba na godoro."

"Yuko chumbani sasa?"

"Ameondoka jana, baba. Kasema huku jogoo wamezidi."

Nilicheka, Minza. Ni wewe mtupu. Kisha akanifungulia chumba, kilikuwa hakijafagiliwa. Godoro lilikuwa bado dirishani. Kulikuwa na kikombe cha tangawizi, nusu, na karibu na kitanda karatasi laini zilizokunjwa, nyingi. Nilikunjua moja. Kazi yangu imenionyesha madoa ya aina nyingi na huwa nayaeleza kwa rangi na ukubwa. Haya sitayaeleza. Nilizikusanya zote mwenyewe, msichana asizishike.

Sura ya pili ikaja. Alhamisi ikaja ya tatu. Mhariri hakuisafisha, alinitumia kama ilivyo. Kila unapovuta pumzi kuna mluzi. Ni mwembamba, kama birika linaloanza kupata moto, na unakuja kila baada ya sentensi, halafu kila baada ya nusu sentensi. Mwanzoni nilihesabu. Niliacha.

Ijumaa nikampelekea daktari. Aliweka kifaa cha kusikilizia kwenye sikio moja, akainamisha kichwa.

"Hapa alikuwa anapanda mlima?"

"Amekaa."

"Una hakika?"

"Anasoma kitabu, daktari."

Akakitoa kile kifaa sikioni. "Huyu asisubiri Jumatatu. Njia ya hewa inaziba. Popote alipo, hospitali iliyo karibu naye, saa hiyohiyo. Asilale akisema atakwenda asubuhi."

Nimeandika maneno yake kama alivyoyasema. Nilimwomba ayarudie ili nisikosee.

Najua kwa nini huachi. Si ukaidi tu. Ni bibi. Unakumbuka jioni ile jikoni kwake, sisi tumekaa kwenye magunia, hadithi imefika katikati, na babu akafungua mlango. "Ng'ombe anazaa vibaya. Njoo unishikie taa." Bibi hakuinuka. Alisema hadithi iliyoanzwa haiachwi njiani, akaimalizia yote, na nyimbo zake, huku babu amesimama mlangoni, kisha akarudi zizini peke yake gizani. Tulipotoka, ng'ombe alikuwa amekufa na ndama ndani yake. Bibi akasema, "Ng'ombe amekufa, hadithi imefika." Tulicheka. Tuliiona ni ushujaa. Wewe umewasimulia wanafunzi wako, mimi nimeisimulia kwenye harusi mbili. Tangu siku ile hakuna mtu katika nyumba yetu anayeacha kitu katikati, tunajisifia hivyo.

Wiki hii nimeitazama upya kama ninavyotazama taarifa yoyote inayoletwa mezani. Taa ilikuwa moja na ilikuwa jikoni. Hadithi ingeweza kungoja. Ng'ombe hakuweza. Babu aliomba msaada kwa maneno yanayoeleweka, hakupewa, na baada ya hapo sikumbuki kumwona akikaa nasi jikoni jioni. Bibi alikosea. Tulimpenda, tukalichukua kosa lake tukalifanya desturi ya nyumba.

Na mimi nilikosea. Mimi ndiye niliyesema ni maiki. Nilisema kwa uhakika, mbele yako, na wewe uliniamini kwa sababu nimefanya kazi na sauti za watu maisha yangu yote. Sitaki uniambie si neno. Nataka uniambie kwamba nilikosea, ukiwa kitandani hospitalini, kwa kuandika kwenye karatasi, na ukipenda kwa herufi kubwa.

Mambo mawili yamebadilika tangu Ijumaa, uyajue.

La kwanza, mhariri hapokei tena. Aliniambia hivi: "Mwambie Mwalimu kitabu nimekifunga. Akituma sitafungua." Alikuwa analia. Nilimwambia alipaswa kunipigia mapema zaidi, akasema anajua. Kwa hiyo sura nne ulizonazo hazina anayezisubiri. Ukizisoma, utazisomea ukuta.

La pili, mama nimemwambia. Akauliza, "Mimi nachemsha tangawizi, na ugonjwa wenyewe mnanificha? Mnadhani mimi sina masikio?" Kisha akasema hatakugombeza. Sijamwamini, ila ndivyo alivyosema. Amekuja Mwanza jana na mfuko wake, yupo kwangu, hali chakula vizuri, anauliza kila simu inapolia kama ni wewe.

Sijui uko Sengerema bado, au umesogea kisiwa gani, au umerudi upande huu na uko Misungwi kwenye chumba cha rafiki nisiyemjua. Sihitaji kujua. Popote ulipo pana hospitali, na pana mtu mwenye pikipiki. Acha maiki hapohapo mezani, acha kitabu, toka. Mimi nina gari lenye mafuta na nitakufuata nikipigiwa simu na mtu yeyote, saa yoyote.

Ukifika mapokezi watakuuliza jina, umri, unaumwa nini. Usijibu. Pumzi hiyo itumie kupumua. Wape simu, wasome mistari inayofuata. Nimeiweka mwisho ili usihangaike kuitafuta. Kwaheri kwa sasa, mdogo wangu. Kilichobaki si chako kusema.

Kwa ndugu uliyepewa simu hii mkononi: huyu aliyesimama mbele yako ni mdogo wangu. Ana uvimbe kooni na njia ya hewa inaziba. Hapaswi kuongea. Tafadhali mwite daktari kwanza, fomu mtajaza baadaye. Namba ya juu kabisa kwenye simu yake ni yangu. Kila swali lililobaki niulize mimi.

Kaka yake